Nani Atagundua Umebadilika?

(Maneno ya muuguzi mstaafu kwa watumishi wa afya na elimu wanaokaribia kustaafu, Korogwe)

Ndugu Afisa Utumishi, ndugu zangu wastaafu watarajiwa, habari za asubuhi. Wakubwa zangu wawili watatu ninaowaona pale mbele, shikamooni. Waliobaki nawadai mimi.

Marahaba.

Nimepewa nusu saa. Wenzetu wa mfuko wa pensheni watakuja baada ya chai kueleza mafao, kwa hiyo kikokotoo, ile hesabu ya mafao, mtakisikia kwa wenyewe. Mimi barua yangu ilisema nizungumzie "maisha baada ya kustaafu", na nilipoisoma nilijua kinachotarajiwa: fuga kuku, usiongeze mke, usimkopeshe shemeji. Kuku nilifuga, 300 wa mayai. Kideri kikapita, siku ya nne nimebaki na banda. Shemeji nilimkopesha. Hayo nayajua vizuri, ila siyo yaliyonileta.

Wiki mbili zilizopita nilisimama kwenye kibanda cha wakala pale karibu na stendi nitoe shilingi 50,000. Simu ikaniomba namba ya siri. Nikaikodolea macho. Namba niliyoitumia miaka saba ilikuwa imeyeyuka. Nikajaribu mwaka aliozaliwa mwanangu wa kwanza, ikakataa. Nikajaribu wa mdogo wake, ikakataa. Yule kijana wakala, mtoto mwenye adabu zake kabisa, akainama akaninong'oneza: "Bibi, si ile inayoanza na nne, saba?"

Kumbe anaijua. Kumbe mwezi uliotangulia nilimtajia mwenyewe anibonyezee, maana miwani niliisahau nyumbani. Na kumtajia kwenyewe sikukumbuka. Pale kibandani nilicheka, naye akacheka, na waliokuwa nyuma yangu kwenye foleni wakacheka. Nyumbani sikucheka.

Nimefanya kazi ya uuguzi miaka 37. Wazee niliowauliza "leo ni siku gani, babu?" siwezi kuwahesabu. Usiku ule nikajiuliza mwenyewe kitandani, tena kwa sauti. Leo siku gani? Alhamisi. Jana ulikula nini? Ugali na mlenda. Juzi? Wali kwa jirani, kulikuwa na arobaini. Jumatatu? Jumatatu ikanishinda. Nikalala macho hadi jogoo wa kwanza, halafu likanijia swali lililonipa usingizi kidogo: hivi nilipokuwa na miaka 30, Jumatatu ningeikumbuka?

Ndugu zangu, kusahau si kitu kimoja. Tunakuita kwa jina moja, "uzee", na kwa jina hilo tunawapeleka watu kaburini kabla ya siku zao. Naomba nikutenganishe kidogo, kwa lugha ya wodini.

Kuna kusahau kwa kawaida. Kichwa cha miaka 60 bado kinafika, ila hakikimbii. Unakutana sokoni na mtu mliyesoma naye, jina lipo mdomoni halitoki, unamwita "ndugu yangu" mpaka mnaagana. Saa tisa usiku jina linakuja lenyewe na la ukoo wake juu. Unaingia chumbani, unasimama, hujui ulichofuata. Ukirudi jikoni unakumbuka. Huu si ugonjwa. Huu ni mlango uliolegea bawaba.

Ugonjwa unakuja kwa njia nyingine. Mama aliyepika pilau kwenye kila shughuli ya mtaa kwa miaka 40 anasimama mbele ya sufuria, vitunguu vimeiva, naye hajui kinachofuata. Kusahau chumvi ni kawaida. Kusahau mpangilio wa kazi ya maisha yako ndiko kunakoshtua. Mwalimu wa hesabu anarudishiwa chenji, anaitazama kama pesa ya nchi nyingine. Mtu anauliza swali, unamjibu, baada ya dakika tano analiuliza tena kwa sauti ileile, kama anayeuliza mara ya kwanza. Na mwenyewe mara nyingi hana wasiwasi. Anayehangaika ni aliye karibu naye. Shikeni hilo, nitalirudia.

Halafu kuna kusahau kwa ghafla, na hapa naomba mniazime masikio yote mawili. Mzee aliyekuwa mzima Jumapili, kasali, kasalimia watu, Jumanne anaongea na marehemu kaka yake ukutani, hajui yuko wapi, mchana analala na usiku anavua nguo. Watoto wanapigiana simu: mzee ndiyo hivyo tena, umri. Umri haumfiki mtu kati ya Jumapili na Jumanne! Huyo ana malaria, au maambukizi ya njia ya mkojo, au nimonia, au sukari imeshuka, au hajanywa maji siku tatu. Mwili wa mzee unaweza kuugua bila hata kuchemka. Kinachochemka ni akili. Huyo anapelekwa hospitali siku hiyohiyo, na wengi wao wakitibiwa mapema akili inarudi. Nimewaona wakiletwa wamefungwa kamba kwenye machela, na baada ya siku chache za dawa wakauliza nani aliyewafunga.

Kuna pia kusahau kunakoletwa na mambo yanayotibika taratibu: upungufu wa vitamini B12, tezi ya shingo kuzubaa, huzuni nzito ya kufiwa ambayo sisi Waafrika hatuiiti ugonjwa. Na vidonge. Zile klofeniramini tunazoziita Piriton, unazonunua dukani kwa mafua na usiku zikakuletea usingizi mzuri, kwa mzee zinaweza kuivuruga akili waziwazi. Hata amitriptilini tunayopewa kwa ganzi za miguu. Ukiona mzazi wako ameanza kuchanganyikiwa, kabla hujamtafuta mganga wala daktari, fungua ule mfuko wa nailoni ulio chini ya mto wake uone anakunywa nini, kisha nenda nao hospitali kama ulivyo.

Ninaloliogopa wote tunalijua, ila Kiswahili chetu bado hakijaliamulia jina. Madaktari wanaliita demensia, ule ugonjwa wa mama wa pilau na mwalimu wa chenji. Aina yake iliyo kubwa ilielezwa kwa mara ya kwanza mwaka 1906 na daktari Mjerumani, Alois Alzheimer, kwa hiyo ni kongwe kuliko zahanati zetu zote. Watu wanadhani ni ugonjwa wa wazungu. Kati ya 2009 na 2010 watafiti walipita vijiji vya wilaya ya Hai, huku kwetu Kilimanjaro, wakapima karibu wazee 1,200 wa miaka 70 na kuendelea. Waliokutwa nayo, baada ya hesabu za umri kurekebishwa, ni asilimia 6.4. Hao ni zaidi ya sita katika kila mia. Katika kila ibada ya Jumapili wamo, wamekaa viti vya nyuma, wanaitikia nyimbo wanazozijua kwa moyo.

Kilichonifurahisha ni namna walivyowapima. Vipimo vya kutoka Ulaya vinamtaka mzee achore saa, aandike sentensi. Bibi ambaye hajawahi kushika kalamu atafeli akiwa na akili timamu kuliko aliyempima. Basi kikatengenezwa kipimo cha hukuhuku: mzee anapewa njiti za kiberiti, anaonyeshwa umbo, anaambiwa apange kama lile. Anaulizwa daraja ni kitu gani. Anaambiwa ataje wanyama wengi kadiri awezavyo kwa dakika moja. Anaulizwa kiongozi wa kijiji chake ni nani. Mimi hapo ningeponea kwenye wanyama.

Mwaka 2024 jopo la wataalamu wa jarida la kitabibu la Lancet lilitaja vihatarishi 14 na kukadiria kwamba, vikishughulikiwa, karibu asilimia 45 ya demensia duniani ingezuilika au kucheleweshwa. Presha, sukari, sigara, pombe, kukaa bila kutembea, upweke, macho yasiyoona, na vingine. Vingi mmeshavisikia kliniki mkapuuza, sitavirudia. Nachukua kimoja tu tusichokijali: masikio. Mzee asiyesikia, familia zetu zinamgeuza kichekesho. Anaulizwa habari za safari, anajibu habari za mahindi, watoto wanavunjika mbavu. Baada ya miezi anaacha kujibu. Baada ya mwaka anaacha kuja sebuleni. Akili inayokosa mazungumzo inakauka kama mgomba uliokatiwa mfereji, na mara nyingine tatizo lote lilikuwa nta iliyojaa sikioni, ambayo nesi angeisafisha kwa maji ya uvuguvugu. Nendeni mkapime masikio kabla ya kadi ya bima ya kazini haijafanyiwa mabadiliko. Na macho pia. Mtoto wa jicho anatolewa.

Niwarudishe nyuma kidogo. Nilianza kazi mwaka 1981, Shinyanga, binti wa Kipare sijui neno la Kisukuma zaidi ya salamu. Usiku mmoja akaletwa bibi kapigwa. Alikutwa alfajiri nyuma ya nyumba ya mtu, kanga moja, anapapasa ukuta. Wakasema anawanga. Macho yake yalikuwa mekundu, na kule macho mekundu ya bibi yalitosha kuwa ushahidi wa uchawi, ingawa kila mwanamke aliyepikia miaka 50 kwa kinyesi cha ng'ombe macho yake yatakuwa mekundu. Nilimsafisha vidonda. Kila nilipomgusa aliniita jina la mtu mwingine, kwa upole, kama mama anayemwamsha mtoto. Mlezi mmoja wa wodi akanitafsiria: anasema anatafuta mlango wa kwao. Alikuwa amepotea njia ya chooni, basi. Nilikuwa na miaka 23 na sikujua ninachokiona. Nimekuja kukijua miaka 30 baadaye, kwa mama yangu mwenyewe.

Mama alikuwa Usangi, juu Upareni. Wanaopajua wanajua: nyumba imebandikwa mlimani kama kiota, kutoka mlangoni hadi barabara ya gari ni mteremko wa dakika 20 kwa magoti ya kijana. Alianza kwenda gulioni siku isiyo ya gulio. Alikuwa akifika, anakuta uwanja mtupu, anakaa kwenye jiwe na kikapu chake. Mtu yeyote anayepita anamjua. "Mama, leo si gulio, twende." Anarudishwa. Siku nyingine anarudishwa na watoto wa shule. Akianika maharage mvua ikanyesha, jirani anayaanua bila kuitwa. Kijiji kizima kilikuwa kimemshikia kumbukumbu, kila mtu kipande chake, na hakuna aliyekaa kikao kuamua hivyo.

Sisi watoto tukakaa kikao. Tulikuwa Dar es Salaam, Korogwe na Arusha, watu wazima wenye kazi, tukaona aibu mama yetu anarudishwa na watoto wa watu. Mwaka 2012 tukamleta Mbezi kwa kaka yangu. Nyumba nzuri, geti la chuma, televisheni, dada wa kazi, hospitali jirani. Wiki ya tatu akatoka geti likiwa wazi. Tulimtafuta kutwa. Alikutwa na kijana wa bodaboda karibu na Kibamba, pembeni mwa Barabara ya Morogoro, viatu mkononi, anatembea kwa uhakika kabisa. Alipoulizwa anakwenda wapi alijibu kwa Kipare, na pale hakukuwa na Mpare.

Nimeliwaza sana lile. Alikuwa njia sahihi. Basi la Upareni hupita palepale.

Baada ya hapo geti likawa na kufuli, naye akaanza kukaa mlangoni na kikapu, akimsihi dada wa kazi amfungulie. Alijua kila ngazi ya mlimani kwake kwa miguu hata pale kichwa kilipomwacha. Mbezi miguu haikujua kitu. Choo kiko wapi, taa inawashwaje, huyu mtoto ni nani. Mzee mwenye kumbukumbu inayovuja, ukimhamisha, unachukua hata ile iliyokuwa imebaki kwenye kuta na njia. Tulimrudisha Usangi baada ya miezi minane, tukaweka binti wa kumsaidia, tukachanga kila mwezi. Sitawadanganya, ugonjwa haukurudi nyuma. Ila kikapu alikiweka chini.

Sasa ndiyo naingia kwenye mahali pa kustaafia, na mnaona kwa nini nilizunguka.

Nimewasikiliza wastaafu watarajiwa wengi. Mtumishi wa miaka 55 akipanga atakapokaa, anapanga kwa mwili wa miaka 55. Ananunua ekari kumi Handeni, kilomita kumi na kitu kutoka barabara ya lami, anajenga nyumba ya vyumba vinne kwenye kilima ili aone mandhari. Ng'ombe, ufuta, upepo. Anasema nimechoka na kelele za watu. Ndugu yangu, kelele za watu ndizo zitakazokuokoa! Nani atakayejua, kule kilimani, kwamba wiki hii umekunywa dawa ya presha mara mbili, au hukuinywa kabisa? Mlinzi wa miaka 19 uliyemleta kutoka mbali, ambaye kila unachomwambia anajibu "sawa mzee"?

Na pesa. Mimi nilistaafu 2018 nikachukua nusu ya mafao yangu kwa mkupuo. Nyinyi hesabu yenu ni nyingine: kikokotoo cha Julai 2022 kiliweka mkupuo asilimia 33, bajeti ya 2024/25 ikapandisha hadi 40 kwa makundi yaliyokuwa yakipata 50, na 35 kwa waliokuwa wakipata 25. Mtaona kiinua mgongo kimesinyaa na mtanung'unika, mna haki. Lakini muuguzi anakitazama kwa jicho jingine. Pesa inayokuja kila mwezi haiwezi kutapeliwa yote kwa siku moja. Nimemwona mstaafu aliyekwisha kuanza kusahau akiuza kiwanja kimoja kwa watu wawili, kwa nia njema kabisa, na kesi ikala kilichobaki. Na huku Bara ambaye hakuajiriwa hana hata hicho cha mwezi. Zanzibar tangu 2016 kila mzee wa miaka 70 anapata pensheni jamii, kidogo lakini kipo, Kenya nao wana Inua Jamii. Sisi tunasubiri.

Najua mtaniambia: mkataa kwao mtumwa. Wanaume mkiisema methali hiyo, kwenu mnakujua. Mwanamke akiisema lazima aulize kwanza: kwetu wapi? Nilikozaliwa Usangi, kihamba, shamba la ukoo, ni cha kaka. Nilikoolewa ni Mbinga, na katika miaka 30 ya ndoa nimelala Mbinga kwa jumla labda wiki sita, za likizo na misiba. Mume wangu amezikwa kule, na pembeni yake wakwe zangu wameniachia nafasi. Nawashukuru, nitakwenda. Lakini nitakwenda nikiwa nimekufa. Kuzikwa na kuzeeka ni safari mbili, nauli zake mbalimbali.

Tazameni hata wakubwa wa nchi. Mwalimu Nyerere aling'atuka urais 1985 na Butiama ikampokea. Shamba lipo, ukoo upo, vitabu vipo. Kwake ile ilikuwa kurudi hasa. Mzee Mwinyi alizaliwa Mkuranga, akakulia Unguja, akatoka Ikulu 1995, akaendelea kukaa Dar es Salaam kati ya watu wake hadi alipofariki Februari 29, 2024 akiwa na miaka 98. Akazikwa Mangapwani, Unguja. Hapo mtumwa ni nani? Kila mmoja alizeeka pale ambapo watu walimjua vya kutosha kumwona akipita.

Mimi nimebaki hapahapa Korogwe, mji ambao si kwetu kwa baba wala kwa mume. Kaka yangu alikasirika mwaka mzima. Akaniuliza, utakaa na nani huko? Nikamwambia nitakaa na watu niliowazalisha. Nina nyumba ya vyumba viwili, haina ngazi. Choo kiko ndani, cha kukaa, na nimeweka chuma cha kushikia ukutani, kwa sababu nyonga nyingi nilizouguza zilivunjika usiku kati ya kitanda na choo cha nje. Soko naliendea kwa miguu. Hospitali nafika kwa bajaji. Joto la Korogwe silipendi hata leo, na nikiota naota ukungu wa Usangi. Ila nikisimama njia panda bila kujua niendako, kuna watu sita au saba watakaouliza, "Nesi, vipi?" Hicho ndicho nilichokinunua.

Sisemi wote mbaki mjini. Mwenye kijiji kinachomjua arudi, tena arudi mapema, akiwa bado ana miguu ya kuzijua njia na mdomo wa kusalimia. Ukirudi na miaka 75 baada ya kuwa mgeni miaka 50, unarudi kwenye majina ya makaburini. Anayekwenda kwa watoto mjini akae nao mwezi mmoja mmoja kwanza, aone kama anaweza kuufikia mlango wa duka bila kusindikizwa. Na asiye na mtu asione aibu kuuliza habari za makazi ya wazee. Tunayo: Nunge kule Kigamboni, Kolandoto Shinyanga, Fungafunga Morogoro, Welezo Unguja. Si hoteli. Lakini nimemwona mzee aliyeokotwa stendi akapata pale kitanda, uji na mtu wa kucheza naye bao, na nyumbani kwake vitu hivyo vitatu havikuwepo.

Kuna mambo yanataka kichwa ambacho bado kinashika, kwa hiyo yafanyeni mwaka huu. Wosia unataka akili timamu. Ukingoja dalili, utapingwa mahakamani na wanao wenyewe. Hati ya kiwanja iwe na jina la mwenza wako. Namba ya siri apewe mtu mmoja mnayeaminiana, asiwe wakala. (Yangu nimeibadilisha. Kijana ameambiwa, hakununa.) Na wanao waambie waziwazi, mkiwa mnakula, unataka ukae wapi siku ambayo hutaweza kusema. Sisi mama hatukumuuliza. Tuliona tunamheshimu.

La mwisho, kisha mkanywe chai, naona maandazi yanapita. Nilipostaafu nilijifanyia mpango mmoja. Pale kona kuna mama anauza vitumbua, nanunua kwake vitatu kila asubuhi. Nikamwachia namba ya binti yangu. Nikamwambia: nisipokuja siku mbili, piga. Nikija na nguo ya ndani juu, piga. Nikikulipa mara mbili, nirudishie, halafu mara ya tatu piga. Akacheka, akasema Nesi una maneno.

Juzi Jumanne nilimlipa, nikakaa kwenye benchi lake kidogo tukaongea habari za mvua, nikasimama, nikatoa pesa nikamlipa. Akanirudishia ile noti, akaikunja kwenye kiganja changu mwenyewe. "Nesi, umeshanipa."

Nikamwambia, nilikuwa nakujaribu.

Sikuwa namjaribu. Jumatano ijayo nimeweka miadi hospitali ya rufaa, na safari hii wa kuulizwa ataje wanyama ni mimi. Ahsanteni kwa kunisikiliza.